Ripoti Yako Isivurugike Ikifika Kasongo

Anaweza kuuliza prefe wa shule, muuguzi wa kituo cha afya au mwandishi wa kooperative ya wachimbaji, swali ni lile lile: "Nimechapa ripoti vizuri hapa Salamabila, Maniema, nikaituma Kasongo, wakaniambia haifunguki. Nikaituma tena, ikafunguka, lakini nembo imeshuka ukurasa wa pili, jedwali limekatika na tarehe zimegeuka. Je, LibreOffice ndiyo mbaya?"

Mara nyingi programu haina kosa. LibreOffice hufungua na kuandika karibu aina zote za mafaili ya Word, Excel na PowerPoint. Tatizo huanza pale mchapaji anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi bila kujiuliza faili litaishia kwa nani, na mtu huyo atalifanyia nini. Tuanzie hapo. Menyu nitazitaja kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo kompyuta zetu nyingi zilivyowekwa.

## Nani atalishika mwisho?

Kabla ya "Fichier > Enregistrer sous", chagua moja kati ya haya:

- Atasoma tu, au atalichapisha kwenye karatasi apige muhuri: tuma PDF ("Fichier > Exporter vers"). PDF haisogei, hata ikifunguliwa kwenye simu.
- Atajaza, atasahihisha au atanakili namba zako: tuma docx kwa maandishi, xlsx kwa majedwali.
- Ni wewe mwenyewe utakayelirudia mwezi ujao: odt kwa maandishi, ods kwa majedwali. Hii ndiyo aina ya LibreOffice yenyewe, na ndiyo inayotunza kila kitu ulichopanga.
- Hujui: tuma mawili, PDF na docx. PDF itamwonyesha sura uliyoikusudia, docx itamruhusu kufanya kazi.

Utauliza: kwa nini nisihifadhi kila kitu kwa odt, kwani Word si inaifungua? Ni kweli, Word za miaka hii hufungua odt, ila mara nyingi hutanguliza onyo kwamba faili lina kasoro. Mpokeaji ambaye hajawahi kusikia habari za odt ataona onyo hilo, atafunga, na atakupigia simu kukuambia umemtumia virusi.

Onyo moja hapa: usilipeleke faili huku na huku. Likija kama docx na litarudi kama docx, lifanyie kazi humo humo mpaka mwisho. Kuligeuza odt, kisha docx, kisha odt tena ni kulipunguza kidogo kidogo kila safari. Na kosa linaloonekana sana: unapohifadhi docx, LibreOffice inakuuliza kama unataka kubaki na aina ya Word au kutumia ODF, yaani odt au ods. Wengi wanabonyeza bila kusoma. Soma.

Kama kazi yako yote inakwenda kwa watu wa Word, maliza swali hilo kabisa: "Outils > Options > Chargement/enregistrement > Général", kisha kwenye "Toujours enregistrer sous" chagua Word ya docx kwa maandishi na Excel ya xlsx kwa majedwali.

## Soma herufi za mwisho za jina

Windows huzificha herufi hizo, na hiyo ni hasara kwetu. Kwenye Windows 10, fungua folda yoyote, nenda "Affichage", weka alama kwenye "Extensions de noms de fichiers". Sasa utaona ukweli:

- .doc, .xls ni za Word na Excel za zamani, kabla ya 2007. Zipokee, lakini usizitume ila ukiombwa. Jedwali la xls haliwezi kupita mistari 65,536. La xlsx linafika 1,048,576.
- .docx, .xlsx, .pptx ni za kuanzia Office 2007.
- .odt, .ods, .odp ni ODF, kiwango kilichokubaliwa na ISO mwaka 2006.
- .xlsm ni Excel yenye makro (amri za kujiendesha) ndani. Tutairudia.
- .lnk, ambayo Windows huendelea kuificha na kuonyesha neno "Raccourci" kwenye safu ya aina, si faili lako hata kidogo. Hiyo nayo tutairudia.

Kubadilisha jina hakubadilishi faili. Ukifuta "odt" ukaandika "docx" kwa mkono, umelidanganya jina tu. Ndani ni lile lile, na Word itakataa. Aina hubadilishwa kwa "Enregistrer sous" peke yake.

## Kwanza hakikisha una programu inayofaa

Kuna sekretariati ambazo bado zina Apache OpenOffice. Inafungua docx, lakini haiwezi kuhifadhi docx. Ndiyo sababu mtu anasahihisha barua ya mteja, halafu anakwama au anairudisha kama .doc ya kale iliyovurugika. LibreOffice ilitokana na OpenOffice mwaka 2010 na imeendelea sana tangu hapo. Ondoa ya zamani, weka LibreOffice.

"Mega nitazitoa wapi?" Faili la kusakinisha kwenye Windows ni mamia ya megabaiti, lakini linapakuliwa mara moja tu na linanakiliwa kwa flashi kwa watu wote bila kuvunja sheria, maana ni programu huria. Mwombe anayesafiri kwenda Kindu, Bukavu au Uvira alipakue kwenye tovuti ya LibreOffice yenyewe. La Windows lina lugha zote ndani, Kifaransa kikiwemo. Angalia tu umri wa kompyuta:

- Windows 10 na 11: chukua toleo jipya.
- Windows 7 na 8: toleo la 25.8 na yanayofuata hayaingii. Chukua la kabla yake.
- Windows XP: la mwisho lililoikubali ni 5.4.

## Herufi zinapobadilika, kurasa zinasogea

Ripoti ya kurasa nne inakuwa ya tano, na sahihi ya mkubwa inabaki peke yake ukurasa wa mwisho. Hiyo ni fonti. Faili limeandikwa kwa fonti ambayo kompyuta ya pili haina, nayo imeweka nyingine yenye herufi pana zaidi.

LibreOffice inakuja na fonti zilizopimwa ziwe na upana sawa na zile za Microsoft: Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, Liberation Serif badala ya Times New Roman, Liberation Sans badala ya Arial. Kwa hiyo faili la Calibri halipaswi kusogea. Tatizo jipya ni Aptos, fonti ambayo Microsoft ilianza kuiweka kama ya kawaida mwaka 2023. Hiyo haina pacha wake humu.

Cha kufanya:

1. Bonyeza kwenye maandishi, tazama kisanduku cha jina la fonti. Jina likiwa limelala, fonti hiyo haipo kwenye kompyuta yako.
2. Kama faili ni lako, chagua yote (Ctrl+A) uweke Liberation Serif au Times New Roman.
3. Kama ni la mtu na unalisoma tu, nenda "Outils > Options > LibreOffice > Polices", washa jedwali la kubadilishia, umwambie Aptos isomwe kama Carlito. Haitalingana kabisa, ila utasoma bila shida.
4. Fonti ya pekee, kwa mfano kwenye kadi za arusi, ibebe ndani ya faili: "Fichier > Propriétés > Police". Faili litanenepa, na mega zako zitalipa.

Tena angalia ukubwa wa karatasi. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani huchukua karatasi ya Letter, ambayo ni fupi na pana kuliko A4 yetu. "Format > Style de page", weka A4. Mara nyingi hilo peke yake linarudisha kurasa mahali pake.

## Kichwa cha barua ndicho kinachotusumbua zaidi

Tazama barua zetu rasmi: juu kushoto Jamhuri, Mkoa wa Maniema, wizara, ofisi, katikati nembo, kulia mahali na tarehe. Wachapaji wengi wanaisogeza tarehe kulia kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini, na nembo wanaiacha ielee juu ya maandishi. Kwenye skrini yao inapendeza. Fonti ikibadilika kidogo tu, nafasi zote arobaini zinabadilika upana, tarehe inaruka mstari wa chini na nembo inakaa juu ya jina la wizara.

Fanya hivi badala yake:

1. Weka jedwali la mstari mmoja na safu tatu, ondoa mipaka yake. Kushoto andika ofisi, katikati weka nembo, kulia weka tarehe.
2. Bonyeza nembo kwa kitufe cha kulia cha panya, chagua "Ancrer", kisha "Comme caractère". Sasa nembo inakaa kama herufi na haitaelea tena.
3. Kwa ukurasa mpya bonyeza Ctrl+Entrée. Usishuke kwa Entrée nyingi.
4. Sahihi mbili chini ya barua, ya katibu na ya rais wa kooperative, nazo ziweke kwenye jedwali lisilo na mipaka.
5. Epuka masanduku ya maandishi, maandishi ya WordArt na mishale ya kuchora. Kati ya Word na LibreOffice, hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza.

"Hiyo kazi ni ndefu, mteja anasubiri." Ni ndefu mara moja. Ukimaliza, ihifadhi kama kielelezo ("Fichier > Modèles"), na barua zote zitakazofuata zitaanzia hapo.

## Namba: hapa makosa ni ya pesa

Barua iliyovurugika inaaibisha. Jedwali lililovurugika linaiba, na hakuna anayeona.

Chukua kooperative inayoandika gramu za dhahabu. Kwenye kompyuta ya Kifaransa, 12,500 ni gramu kumi na mbili na nusu. Peleka namba hiyo kama CSV kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza, nayo inaisoma elfu kumi na mbili na mia tano. Kinyume chake, mtu akichapa 12.5 kwa nukta kwenye kompyuta ya Kifaransa, inaweza kuchukuliwa kuwa maandishi, na SOMME inairuka kimya kimya. Jumla inatoka pungufu na haionyeshi alama yoyote ya kosa.

Dalili ni rahisi: namba ya kweli inakaa upande wa kulia wa seli, maandishi yanakaa kushoto. Kabla ya kutuma jedwali la uzalishaji kwa SAEMAPE, idara ya serikali ya wachimbaji wadogo, au kwa mnunuzi, pitisha macho kwenye safu nzima. Namba yoyote iliyojikunja kushoto, ichape upya.

Kwenye xlsx na ods hatari hii ni ndogo, kwa sababu namba na tarehe zimehifadhiwa kama thamani, na kila kompyuta inazionyesha kwa desturi yake. CSV ni maandishi matupu; kila kompyuta inayasoma inavyojua. Kwa hiyo:

- Usitume CSV kama hujaombwa CSV.
- Ukipokea CSV, fungua kwa LibreOffice, usiharakishe kubonyeza OK. Kwenye dirisha la "Import de texte" angalia vitu vitatu: "Jeu de caractères" mara nyingi iwe Unicode (UTF-8), "Langue" iwe ya aliyeandika faili, na kitenganishi kiwe kile kilichotumika. Faili lililotoka kwenye Excel ya Kifaransa kwa kawaida linatenganishwa kwa nukta-mkato, maana mkato tayari una kazi kwenye desimali.
- Ukiona "Ã©" mahali pa "é", umekosea jeu de caractères. Funga bila kuhifadhi, fungua tena.
- Namba za simu zinaanza na sifuri, na sifuri hiyo hupotea. Kwenye dirisha lile lile bonyeza safu ya simu, ibadilishe iwe "Texte".
- Tarehe kwenye CSV iandike 2024-07-03. Ukiandika 03/07/2024, mmoja atasoma tarehe 3 Julai, mwingine tarehe 7 Machi. Kwenye orodha ya chanjo hiyo ni miezi minne kati ya moja na nyingine.

Fomula nazo. Ukiona #NOM? mahali pa jibu, LibreOffice yako haiijui kazi iliyotumika. RECHERCHEX, ambayo Excel mpya wanaipenda, iliingia LibreOffice toleo la 24.8, mwaka 2024. Ama pandisha toleo, ama mwombe mwenzako atumie RECHERCHEV. Na faili la Excel likionyesha jumla ambayo unaona wazi si sawa, bonyeza Ctrl+Maj+F9. LibreOffice kwa kawaida haihesabu upya faili la Excel linapofunguliwa. Inaonyesha majibu yaliyohifadhiwa humo.

## Faili likikataa kufunguka kabisa

Usianze kwa kulilaumu. Angalia haya kwa mpangilio:

1. Ukubwa wake. Likiwa na octet 0, ndani hamna kitu. Flashi ilitolewa kabla kunakili hakujaisha, au jenereta ilizimika.
2. Jina lake. Likianza na "~$" au ".~lock", si ripoti yako. Ni kijifaili ambacho Word au LibreOffice hukiweka faili likiwa wazi. Watu hukinakili na kukipeleka Kasongo wakidhani ndiyo kazi yenyewe. Funga programu kwanza, ndipo unakili.
3. Aina yake ni "raccourci" (.lnk), au kila kitu kwenye flashi kimekuwa "raccourci". Hiyo ni virusi inayozunguka kwenye sekretariati nyingi. Usibonyeze. Kwa kawaida mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Kwenye kompyuta yenye antivirusi fungua "Invite de commandes", andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Nakili mafaili yako ya kweli, kisha safisha flashi.
4. LibreOffice inasema faili linatumiwa na mtu mwingine, na uko peke yako. Umeme ulikatika na kijifaili cha ".~lock" kikabaki. Kifute, fungua tena.
5. Inapendekeza kulitengeneza. Kubali, lakini kwenye nakala, kamwe si kwenye faili la asili.
6. Imeshindwa kulitengeneza. Docx na odt kwa ndani ni zip. Chukua nakala, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ulifungue. Picha utazikuta kwenye "word/media" kwa docx, au "Pictures" kwa odt. Maandishi yamo kwenye "word/document.xml" au "content.xml", yakiwa yamechanganyika na alama nyingi, lakini yanasomeka. Aliyepoteza ripoti ya mwaka hatazijali alama.

Kinga ni bora. Kwenye "Outils > Options > Chargement/enregistrement > Général" washa nakala ya akiba, na uhifadhi wa kujiendesha uweke kila dakika tano. Mahali ambapo umeme ni wa jenereta na paneli, dakika kumi ni nyingi mno. Nakala za akiba zenye mwisho .bak utazikuta kwa kuandika `%APPDATA%\LibreOffice\4\user\backup` kwenye mstari wa anwani wa folda. Na fanyia kazi faili kwenye kompyuta, si moja kwa moja kwenye flashi. Ukimaliza, nakili, kisha "Éjecter".

## Simu

Tuma kwa WhatsApp kama "Document". Ukipiga picha ya karatasi na kuituma kama picha, namba ndogo zitafifia. Ukitaka kusahihisha docx au odt kwenye Android, Collabora Office imejengwa juu ya LibreOffice. Jedwali la safu thelathini usilisahihishe kwa simu, hata kama una macho mazuri.

## Pale ambapo LibreOffice haitoshi

Nisikudanganye. Yapo mafaili ambayo usipoteze siku nzima kuyapigania:

- Xlsm ya mfadhili yenye vitufe na makro. LibreOffice inaendesha sehemu tu ya makro hizo. Inaweza kufunguka vizuri na vitufe vikanyamaza.
- Excel inayovuta data kwa Power Query.
- Maonyesho ya PowerPoint yenye mienendo mingi.

Kwa hayo omba kompyuta yenye Office halali kwa saa moja, au mwombe mtumaji akupe toleo lisilo na makro. "Si bora nisakinishe tu Office ya kuvunjwa?" Hapana. Vifaa vya kuivunja vinapita flashi kwa flashi, na mara nyingi vinabeba virusi zile zile tulizozitaja juu. Kisha siku moja inagoma kuhariri, na siku hiyo ndiyo ya mwisho ya kupeleka ripoti.

## Mstari mwekundu chini ya kila neno

Hili halivurugi faili, ila linaulizwa kila mara. LibreOffice inadhani Kiswahili chako ni Kifaransa kibovu. Chagua maandishi, kisha kwenye "Outils > Langue" weka Kiswahili. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili cha Tanzania huja na programu yenyewe. Maneno yetu ya Maniema haiyajui yote, yaongeze wewe. Kazi ya kuileta OpenOffice, iliyoizaa LibreOffice, kwenye Kiswahili ilianza na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

## Ukiomba msaada

Ukikwama bado, usimletee fundi picha ya skrini iliyopigwa gizani. Mletee faili la asili kabla hujalijaribu kulitengeneza, toleo la LibreOffice yako ("Aide > À propos de LibreOffice"), programu anayotumia mpokeaji, na PDF inayoonyesha sura uliyoitaka. Na kabla ya kutuma faili lolote muhimu Kasongo au Kindu, mtumie kwanza jirani mwenye Word hapo hapo Salamabila, alifungue mbele yako.